Kaka anatuma "dawa ya kisukari" kwa basi, kidonda nakiona mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kitindamimba katika familia ya watoto watano. Naishi Isevya, hapa Tabora mjini, pamoja na mama yetu mwenye miaka 66. Mama ana kisukari cha ukubwani. Alikuwa anahudhuria kliniki, anameza vidonge asubuhi na jioni, na sukari yake ilikuwa haitusumbui sana, ingawa alilalamika kwamba vidonge vinamchafua tumbo.

Miezi michache iliyopita kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Dar, alituma tangazo kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Nakunakilia lilivyo: "KISUKARI SASA BASI!! Asali mbichi ya miombo ya TABORA + unga wa mizizi 7. INAFUFUA KONGOSHO ndani ya siku 21. Inatibu pia presha, vidonda vya tumbo, bawasiri, uzazi na nguvu za kiume. Haina kemikali, HAINA MADHARA. Imethibitishwa na maabara. Dozi 85,000 badala ya 150,000, zimebaki 9 tu. Njoo inboksi."

Kaka akanunua. Sasa mama yuko kwenye dozi ya pili. Shangazi, asali inayodaiwa kutoka misitu yetu inapakiwa kwenye basi Dar, inakuja Tabora, na mimi ndiye ninayekwenda kuipokea stendi.

Kwenye kikaratasi cha maelekezo imeandikwa mgonjwa asichanganye na dawa za hospitali, na asipime sukari mpaka dozi iishe kwa sababu mashine "itasoma sumu inayotoka mwilini". Mama katii, vidonge kaviweka kabatini. Juzi nilimwomba jirani mwenye mashine ampime mama asubuhi kabla ya chai, ikasoma 19.4. Nikampigia kaka. Kaka akamuuliza muuzaji, wanamwita "Dokta", naye akajibu kwa sauti kwamba hiyo ni dalili nzuri, sukari iliyojificha inatoka, na mama aongeze kutoka vijiko viwili hadi vitatu, asubuhi na jioni.

Halafu kuna kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilianza kama mchubuko wa kandambili. Mama anasema nisihangaike, hakimuumi.

Kaka ndiye anayelipa kodi ya nyumba tunayokaa na ada ya mwanangu. Kwenye grupu kila asubuhi anatuma shuhuda za watu waliopona. Dada yetu anajibu "Amina". Shangazi yetu wa Nzega, yeye ana presha, ameshaagiza. Mimi nikisema neno naulizwa nimesomea wapi udaktari. Nifanyeje? Ninyamaze, au nimjibu kaka mbele ya ukoo mzima? Na nitatofautishaje dawa ya kweli na ya uongo? Miti shamba nimenyweshwa tangu utotoni, siwezi kusema yote ni utapeli.

Kitindamimba, Tabora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kaka yako tutamfikia. Kwanza mpeleke mama hospitali leo, usingoje siku ya kliniki. Nenda Kitete, hospitali ya mkoa, au kituo cha afya kilicho karibu wakuandikie rufaa, na ukifika mapokezi sema maneno haya: "Ana kisukari, ameacha dawa, sukari ya asubuhi ilikuwa 19.4, ana kidonda mguuni na hakimuumi." Hayo ya mwisho yaseme kwa sauti. Nimefanya kazi wodini, na kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari kisichouma kilikuwa kinanitisha kuliko kile kinachomfanya mtu apige kelele. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na damu nayo haifiki vizuri. Mtu anachubuliwa na kandambili asijue, kidonda kinachimba kwenda ndani huku juu kinaonekana kidogo. Miguu mingi inayokatwa kwa ajili ya kisukari ilianza na jambo dogo la namna hiyo. Kwa sasa usikikande kwa maji ya moto, usikipake asali wala unga wa mizizi. Kifunike kwa kitambaa safi, mwondoke.

Mama akianza kutapika, kupumua kwa haraka na kwa kina, kuumwa tumbo, au kusinzia na kuzungumza asichokijua, hata kama ni usiku wa manane, tafuteni usafiri. Vidonge vya kabatini usimrudishie kwa kukadiria mwenyewe. Vibebe, na kopo la ile asali libebe pia na kile kikaratasi chake. Daktari anahitaji kujua kila kilichoingia tumboni.

Kopo hilo nalitaka lifike kwa daktari kwa sababu ambayo huenda kaka yako hajawahi kuisikia. Katika nchi mbalimbali, maabara zimepima dawa za kisukari zilizouzwa kwa jina la "asili tupu" zikakuta ndani yake dawa za hospitali zilizosagwa, ikiwemo glibenclamide, kidonge cha kawaida cha kushusha sukari. Wamekuta hata phenformin, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani tangu miaka ya 1970 kwa sababu ilikuwa inajaza asidi kwenye damu na kuua watu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuona sukari imeshuka, akasifu mizizi, kumbe anameza kidonge kilekile alichoambiwa akitupe, bila kujua kipimo. Siku akichanganya na vidonge vyake sukari inashuka kupita kiasi: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. (Hizo za nguvu za kiume ndizo zimekutwa na mambo hayo mara nyingi zaidi, ila wenye kuzinunua hawaniandikii barua.) Sisemi kopo la mama limechanganywa. Sukari ya 19.4 inaonyesha kwamba, hata kama kuna kitu ndani, hakimsaidii.

Asali yenyewe tuihesabu, maana wewe ni mtu wa Tabora na asali unaijua. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, iliyobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu 17 hivi za sukari. Vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni ni kama gramu 100 kwa siku, anapewa mgonjwa wa kisukari aliyeacha dawa, tena kwa ushauri wa anayejiita dokta. Itoke Sikonge, itoke Urambo, iwe mbichi au imechujwa, mwilini inafanya kazi ileile. Asubuhi kabla ya kula, mtu asiye na kisukari huwa chini ya 6 hivi, na 7 ndipo madaktari wanapoanza kusema kisukari. Mama yuko 19.4. Hakuna sukari "iliyojificha" inayotoka hapo. Ni hiyo anayokunywa, pamoja na ile ambayo mwili umeshindwa kuitumia.

Sasa swali lako la dawa ya kweli na ya uongo. Soma tena jibu la muuzaji. Sukari ikishuka, dawa imefanya kazi. Ikipanda, sumu inatoka, ongeza kijiko. Mgonjwa akifariki, bila shaka wataambiwa walichelewa kuanza dozi. Hakuna tokeo lolote ambalo mtu huyo atakubali kuwa dawa yake imeshindwa. Hapo ndipo mimi ningeanzia kila ninapoona tangazo la tiba, kabla hata ya kuuliza kuhusu mizizi: nini kikitokea utakubali kwamba haifanyi kazi? Daktari wa kliniki ana jibu la swali hilo. Anapima sukari, na anaweza kuagiza HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu. Isiposhuka anabadilisha dawa. Muuzaji wenu amekataza kupima. Kwa ugonjwa ambao mashine ya mkononi inaupima kwa tone moja la damu, anayekukataza kupima amekwisha kukwambia unachohitaji kujua.

Mengine katika lile tangazo yanaonekana kwa macho. Kisukari, presha, bawasiri, uzazi na nguvu za kiume ni magonjwa yenye vyanzo tofauti kabisa, na kopo moja haliwezi kuyamaliza yote. "Haina madhara" husemwa na mtu ambaye hajawahi kuyatafuta hayo madhara. Hizo dozi "zimebaki 9" utazikuta zimebaki 9 wiki ijayo pia. Picha za kabla na baada zitafute kwa Google Lens. Mara nyingi mguu uleule unakutwa umeponywa na dawa tatu za wauzaji watatu. Na video ya daktari au mtangazaji maarufu akiisifu dawa isikubabaishe, siku hizi sura na sauti ya mtu vinatengenezwa kwa akili mnemba.

"Imethibitishwa na maabara" ndiyo inayowapata wengi, hata waliosoma. Maabara ipi, na ilithibitisha nini? Dawa ya asili inaweza kupimwa ikaonekana haina sumu wala vijidudu, muuzaji akapewa karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo inahusu usalama wa kile kilichopimwa siku ile. Haisemi kwamba kinaponya kisukari. Usajili pia uuelewe hivyo. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mganga na dawa yake wanatakiwa kusajiliwa huko. Asiyesajiliwa mkimbie. Aliyesajiliwa bado muulize maswali.

Ushuhuda ndio mgumu kuliko vyote, kwa sababu anayeutoa mara nyingi hadanganyi. Mtu ameanza dozi, kwa hamasa ameacha soda na chapati, anatembea jioni, amepungua kilo, sukari ikashuka. Anaisifu asali. Mwingine anaendelea kumeza vidonge kimyakimya. Mwingine anajisikia vizuri tu, hajapima. Na aliyezidiwa hatumi sauti kwenye grupu, yuko wodini, au nduguze wanaona aibu. Ndiyo maana ukisikiliza grupu peke yake utadhani wote wamepona. Mwaka 2011 nchi nzima ilipita hapo. Watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, foleni ya magari ikimeza siku kadhaa, na shuhuda zilikuwa kila redio. Wapo walioacha dawa zao kwa sababu hiyo. Lakini hata hapo, kikombe kilikuwa shilingi 500, na Babu ulijua anakaa kijiji gani. Huyu wa inboksi anataka 85,000, na akibadilisha laini humpati tena.

Kuhusu miti shamba, uko sahihi, na usikubali mtu akusukume useme yote ni utapeli. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria chanzo chake ni mmea, Artemisia annua, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua dawa iliyomo. Zaidi ya hapo: kama vidonge vya mama ni metformin, kama navyokisia kwa hilo tumbo kuchafuka, basi navyo vina ukoo na mti shamba. Kuna mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ambao wakulima walijua unawadhuru kondoo. Wanasayansi wakapata ndani yake kitu kinachoshusha sukari, lakini kikali mno kwa binadamu. Wakatengeneza ndugu yake aliye salama zaidi, wakampima, na mwaka 1957 daktari wa Ufaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa. Mwambie kaka hiyo. Mama aliacha dawa yenye asili ya mmea, iliyopimwa, yenye kiasi kinachojulikana, akapewa mizizi saba isiyo na majina.

Tumbo la mama nalo ni malalamiko ya kweli, na nadhani ndilo lililomfungulia mlango muuzaji. Metformin huchafua tumbo kwa wengi, hasa mwanzoni au ikimezwa bila chakula. Daktari anaweza kupunguza dozi na kuipandisha polepole, au kumpa aina inayoyeyuka taratibu. Mwambieni daktari, mama asione aibu. Na mama akiwaambia kwamba amesikia "vidonge vinaua figo", mweleze: sukari ya juu yenyewe ndiyo inayoharibu figo kwa miaka, halafu figo zikishachoka daktari hupunguza au husimamisha metformin. Watu wakaona kidonge kinasimamishwa kwa mwenye figo mbovu, wakakilaumu.

Kuna ukweli mmoja ambao wauzaji hawa hupenda kuupindisha. Kisukari cha ukubwani kinaweza kutulia kwa baadhi ya watu hata wakaishi bila vidonge. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha hivyo kwa karibu nusu ya waliopunguza uzito chini ya mpango maalumu kwa mwaka mmoja. Walikuwa chini ya uangalizi, wanapimwa, na hawakuwa wanakunywa asali. Kwa hiyo "hospitali hawataki upone" si kweli. Hospitali ndio waliochapisha.

Haya, kaka. Huyo hana nia mbaya. Yuko mbali, ana wasiwasi na mama yake, na amepata kitu anachoweza kukifanya akiwa Dar: kulipa. Ukimwita mjinga mbele ya ukoo atatetea pesa yake mpaka mwisho, na wewe utakuwa mdogo asiye na adabu. Mpigie peke yake, baada ya kutoka hospitali, sio kabla. Mtumie picha mbili bila maelezo marefu: mashine ikiwa na namba, na mguu. Halafu mwambie, "Kaka, daktari amesema hivi. Mama anakusikiliza wewe kuliko mimi. Naomba umpigie umwambie arudie dawa." Atapata namna ya kurudi akiwa bado kaka mkubwa. Na ile 85,000 mwombe ainunulie mashine ya kupimia na vipimo vyake, ili mama asitegemee ya jirani. Kama ana hoja kuhusu mizizi, mwambie mtaipeleka kwa daktari pamoja.

Kwenye grupu usinyamaze, kwa sababu ya shangazi yenu wa Nzega. Presha inaweza kukaa kimya, mtu akaacha dawa akajisikia mzima mpaka siku anapopooza upande mmoja. Kwanza mpigie huyo shangazi moja kwa moja. Kisha kwenye grupu andika mara moja, kwa heshima, kitu kama hiki: "Shikamooni wakubwa. Mama alipimwa kabla ya chai, sukari ilikuwa 19.4 akiwa kwenye dozi ya pili. Tumempeleka hospitali. Anayetumia dawa za presha au sukari tafadhali asiache bila kumuuliza daktari wake. Namwomba muuzaji atutajie jina lake kamili, anapopatikana, mizizi saba ni ipi na kiasi gani, na namba yake ya usajili." Basi. Usirudi kubishana na kila "Amina". Wasomaji wengi wa grupu hawaandiki chochote, wanaangalia tu, na hao ndio unaowaandikia. Muuzaji akijibu kwa matusi au kwa aya za dini bila hata jina la mzizi mmoja, wenye macho watakuwa wameona.

Mama mwenyewe usimtishe kwa habari za kukatwa mguu. Mkalie karibu, mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako, mkague kati ya vidole kila jioni, na zile kandambili zitupwe, avae viatu vilivyofunika vidole. Akipima asubuhi aisome namba yeye mwenyewe. Wazee wengi huamini wanachokisoma wao kuliko tunachowasomea.

Kopo likitoka kwa daktari usilitupe. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wana ofisi ya kanda ya magharibi hapo hapo Tabora, na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ina mratibu wa tiba asili. Peleka kopo, kikaratasi, namba ya simu iliyopokea pesa, na ile sauti ya "aongeze vijiko viwe vitatu". Usiifute kwenye simu.